Half Day, Bendi ya Jumatano

Lorna Gittens alikuwa anauza vinanda vya sebuleni, na alikuwa anaviuza kweli. Duka lilikuwa barabara kuu ya Southend, na wateja wengi walikuwa mabibi waliostaafu, waliotaka kitu cha kuchangamsha nyumba. Kazi yake ilikuwa kuvaa blauzi nyeupe, kukaa dirishani na kupiga valsi taratibu, mpaka bibi mmoja asimame nje na mfuko wake wa sokoni, atege sikio, kisha aingie. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Wazazi wake walitoka Barbados kabla hajazaliwa, kinanda alijifunza kanisani, na valsi zilikuwa zimemchosha mpaka kwenye mifupa.

Asubuhi moja ya mwaka 1979 aliingia mwanamume mrefu mwenye nywele nyekundu, aproni yake ya bucha ikiwa na madoa ya damu. Bibi aliyekuwa anachagua kinanda akasogea pembeni.

"Dada," yule mwanamume akasema, "hebu rudia hapo."

"Nirudie wapi?"

"Hapo ulipodanganya."

Lorna akaona joto limempanda masikioni. "Sijamdanganya mtu mimi."

"Mkono wa kulia unampigia bibi valsi yake. Wa kushoto unapiga mambo mengine kabisa, ya watu wa New York. Wiki nzima nakusikia kupitia ukutani nikikata mbavu. Jana nusura nijikate kidole."

"Ungejikata nisingelaumiwa mimi."

"Ungelaumiwa wewe, kabisa." Akajifuta mkono kwenye suruali na kuunyoosha. "Terry Wragg, bucha la hapo jirani. Napiga besi. Tuna mpiga ngoma, Colin, anauza viatu. Tuna mpiga gitaa, Neville, anaoka mikate. Hatuna kinanda. Jumatano maduka yote yanafunga saa saba mchana, wenzetu wanaenda kulala. Sisi tunapiga. Utakuja?"

Bibi akakohoa. "Binti, mimi hicho cha mkono wa kushoto ndicho nilichokipenda."

Jumatano ile Lorna akapanda ngazi za ghorofa iliyokuwa juu ya duka la mazulia. Colin Duffett, mfupi, mnene, mwenye maneno mengi, alikuwa anafunga ngoma zake. Neville Prout, mkimya, unga bado kwenye kope, akamtengea kiti. Terry akachomeka besi, na alipoanza, Lorna akasahau kukaa. Dole gumba la Terry lilizidunda nyuzi kama nyundo ya fundi viatu, kidole cha shahada kikazinyakua, na katikati ya kudunda na kunyakua paliachwa nafasi ndogo, ya kufaa kabisa kutia mkono. Lorna akautia. Colin akaangua kicheko huku anapiga. Hawakuacha mpaka mwenye mazulia alipogonga dari yake kwa ufagio, na hata hapo Colin alisema ufagio wenyewe uko kwenye mdundo.

Wakajiita Half Day, kwa kuwa nusu siku ndiyo waliyokuwa nayo.

Mwaka uliofuata walirekodi kibao chao cha kwanza, alichokitunga Terry. Hakikuwa na neno hata moja. Alikiita "Chumvi na Siki," maana, alisema, ukila chipsi za pwani ya Southend, zilizotiwa chumvi na siki, huhitaji mtu akuimbie kwamba ni tamu. Walirekodi kwa fundi sauti mmoja aliyezoea kwaya za shule, ambaye kila mara aliwauliza kama wana hakika besi inatakiwa kusikika kiasi hicho. Santuri zilipotoka kiwandani, jalada lilikuwa jeupe tupu. Colin akaandika jina la bendi kwa mkono, moja baada ya nyingine, mpaka akaanza kulikosea.

Dijei mkubwa wa upande ule aliitwa Roy Sparrow. Kila Jumapili mchana alijaza ukumbi kule Canvey kwa vijana waliokuja kwa treni na magari kutoka kila kona ya Essex na London, Weupe kwa Weusi, wenye filimbi shingoni, wakimwaga poda ya watoto sakafuni ili viatu viteleze. Terry alimpa santuri mkononi. Roy akaitazama, akaigeuza, akasema, "Southend? Huko si kwenye konokono wa baharini na mabibi?"

"Ipige tu, bwana. Ikikufia, njoo bucha nikupe soseji."

Wote wanne wakasimama nyuma, karibu na makoti, Lorna akiwa ameshika mkono wa Neville bila kujua. Roy alipiga santuri tatu, nne za Wamarekani. Kisha, bila kutangaza, dole gumba la Terry likalipuka kutoka kwenye maspika makubwa kuliko milango.

Watu walisita kidogo tu. Msichana mmoja aliyevaa ovaroli akainua kichwa kama aliyeitwa jina lake, kisha akaingia katikati akizunguka kwa kisigino, na nyuma yake ukumbi mzima ukaanza kucheza. Filimbi zikaanza, zikijibu besi, pii-pii, pii. Poda ikapanda mpaka kwenye taa. Kinanda cha Lorna kilipoingia watu wakapiga ukelele, ukelele hasa, naye akajikuta anaruka pale alipo, anampiga Neville begani: "Ni mimi yule! Neville, ni mimi yule!"

"Najua," Neville akasema. "Nilikuwepo."

Roy hakungoja wimbo uishe. Akairudisha sindano mwanzo. "Hawa si wa New York!" akanguruma kwenye kipaza sauti. "Hawa ni wa Southend! Muuza nyama anapiga besi! Wako pale kwenye makoti!" Ukumbi mzima ukageuka. Colin akapiga saluti. Terry, mtu wa maneno makali siku zote, akaficha uso ndani ya koti la mtu asiyemjua.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Santuri zikaisha, zikatengenezwa nyingine. Wakapiga Ilford, wakapiga Reading, wakapiga Leeds na kurudi alfajiri, Neville akienda moja kwa moja kuwasha tanuri lake la mikate. Ndipo mtu wa kampuni ya santuri ya London akaja mpaka kwenye ghorofa yao juu ya duka la mazulia. Aliitwa Adrian Fell, kijana wa suti ya kijivu aliyekunja mikono ya koti mpaka kwenye kiwiko. Alisikiliza vibao vyote akitikisa kichwa kwa furaha, na walipomaliza akasema:

"Nimevipenda. Maneno yako wapi?"

"Maneno gani?" Terry akauliza.

"Ya kuimba, kaka. Redio haipigi kitu kisichoimbwa. Mama aliye jikoni anataka kitu cha kufuatisha akiosha vyombo."

"Afuatishe besi."

"Terry," Colin akasema.

"Nasema afuatishe besi! Mama yangu anafuatisha!"

Adrian akasema ana kijana mmoja, sura nzuri, nywele safi, anaweza kuletwa Jumatano ijayo. Hapo Lorna, aliyekuwa kimya akifungasha nyaya, akasimama.

"Msilete mtu. Nitaimba mimi."

Colin akacheka, kisha akaona Lorna hacheki. "Tangu lini unaimba wewe?"

"Tangu nina miaka sita, kila Jumapili, na mama yangu akinikazia macho nikitoka kwenye sauti. Ninyi hamkuniuliza. Mliniuliza mkono wa kushoto tu." Akarudi kwenye kinanda. "Na maneno ninayo. Sikilizeni."

Wimbo uliitwa "Chukua Koti." Ulikuwa wa msichana anayemwambia mpenzi wake achukue koti maana hawatarudi mapema, basi, hakuna la zaidi. Lakini sauti ya Lorna ilikuwa nzito kidogo kuliko alivyozungumza, yenye kicheko ndani yake, na itikio lilipanda ngazi halafu likaruka moja pale ambapo sikio halikutazamia. Itikio liliporudi mara ya pili, Neville akaingia na gitaa. Colin akafuata. Terry alisimama mikono imekunjwa kifuani. Kisha dole gumba likaanza kugonga kwenye mkono wake mwenyewe, na hatimaye akachukua besi kwa hasira na kupiga kitu kizuri kuliko chochote alichowahi kupiga.

"Ni wimbo wa kipuuzi," akasema mwishoni.

"Ndiyo," Lorna akasema. "Hebu tuurudie."

"Ndiyo, tuurudie."

Ulitoka mwezi Machi 1982. Chati mpya ya nyimbo arobaini bora ilikuwa inasomwa redioni kila Jumanne adhuhuri, na Jumanne ya tatu wote walikusanyika kwenye bucha la Terry, Lorna akiwa ametoroka dukani na blauzi yake nyeupe. Foleni ilikuwa ndefu. Terry alikuwa anapima maini huku redio imewekwa juu ya mzani wa akiba.

"Arobaini," redio ikasema, na haikuwa wao. Wala thelathini na tisa. Colin akaanza kutafuna kofia yake.

"Nusu kilo ya soseji, Terry," akasema Bi Pettifer, mteja wa kila siku.

"Subiri kidogo, mama."

"Mimi nimesimama tangu—"

"Mama, nakuomba, nyamaza!"

Thelathini na mbili. "Wakiingia kwa mara ya kwanza," redio ikasema, "kutoka Southend, Half Day, na 'Chukua Koti.'"

Kelele iliyotoka bucha lile ilimfanya mtu wa benki ya ng'ambo ya barabara atoke nje. Colin alimkumbatia Bi Pettifer, Bi Pettifer akamkumbatia Neville, Terry akainua kipande kizima cha mguu wa kondoo juu ya kichwa kama kombe. Lorna alikimbia kwenye kibanda cha simu akampigia mama yake, Eudora, aliyefanya kazi kwenye dobi la hospitali.

"Mama! Tumo! Thelathini na mbili!"

"Nimesikia. Hapa wamezima mashine zote." Nyuma yake wanawake walikuwa wanapiga vigelegele. "Lakini nikuulize, Lorna. Nani alikuwa anakuambia 'chukua koti' tangu unatambaa?"

"Wewe, mama."

"Basi jina langu liandikwe kwenye santuri inayofuata. Na huyo mwanamume wa kwenye wimbo ni nani?"

"Hayupo, mama. Ni wimbo."

"Mm-hm," mama akasema, kwa sauti ya mtu ambaye kwake mazungumzo hayajaisha.

Wiki ile ile wakaalikwa kuja wiki inayofuata kwenye kipindi cha televisheni cha Alhamisi, kile ambacho nchi nzima ilikuwa inakitazama ikila chakula cha jioni. Kilikuwa kinarekodiwa Jumatano, kwa hiyo hakuna aliyehitaji ruhusa kazini, na Colin aliona hiyo ni ishara. Lakini kulikuwa na jambo moja. Hakuna anayepiga kweli. Santuri inachezwa, nyinyi mnafumbua midomo na kupapasa vyombo visivyochomekwa.

"Mimi siwezi," Terry akasema. "Miaka kumi na miwili nimejifunza hiki kitu. Nikasimame nijifanye?"

"Dakika tatu tu, Terry," Lorna akasema. "Watu milioni kumi."

"Milioni kumi wanitazame nikidanganya."

"Ulinipenda kwa kudanganya wewe! Valsi umesahau?"

Wenzake wakacheka, naye akacheka bila kupenda, akasema sawa, atakuja. Lorna akadhani yamekwisha.

Studio ilikuwa ndogo kuliko inavyoonekana kwenye televisheni, yenye joto la taa, na vijana mia moja hivi wakisukumwa huku na kule ili waonekane wengi. Lorna alivaa nguo ya rangi ya dhahabu aliyoshonewa na mama yake. Taa nyekundu ikawaka kwenye kamera, wimbo ukaanza, na katika mistari ya mwanzo aliona wasichana wa mbele wanaacha kumtazama yeye, wanatazama kushoto kwake, wanajishika mbavu kwa kicheko. Akageuka huku midomo inaendelea kuimba. Terry alikuwa amevaa glavu. Zile nene za jikoni, za kutolea chakula kwenye oveni, nyekundu, zenye picha za kuku. Alikuwa anapiga besi kwa glavu, uso mkavu kama yuko msibani.

Lorna alitabasamu mpaka mwisho, maana kamera ilikuwa mita moja mbele ya meno yake. Taa ilipozimika akamfuata Terry nyuma ya mapazia.

"Umenidhalilisha."

"Sikukudhalilisha wewe. Nimewadhalilisha wao, na uongo wao."

"Aliyekuwa mbele ni nani, Terry? Wasichana Weusi wa Southend wangapi wamewahi kusimama pale? Mama yangu ameshona hii nguo usiku nne. Ameita dobi zima nyumbani kwake waje wanitazame. Watamtazama nani sasa? Kuku?"

Terry akazitazama glavu mikononi mwake kana kwamba amevishwa na mtu mwingine. "Sikuliwaza hilo," akasema. "Wallahi, Lorna, sikuliwaza kabisa."

"Najua hukuliwaza. Ndiyo maana nataka kukupiga."

"Nipige."

Akamvua glavu ya kulia, akampiga nayo begani, si kwa nguvu. Kisha akalia kidogo, Terry akamwomba radhi mara tatu, na wakarudi Southend.

Kesho yake nchi ilitazama, na nchi ilipenda kila kitu. Walimpenda dada wa nguo ya dhahabu, mwenye sauti ya kicheko. Na walimpenda yule mrefu wa glavu. Wafanyakazi wakaigiza kupiga besi kwa glavu kwenye viwanda, watoto shuleni, mtangazaji wa hali ya hewa. "Chukua Koti" ikaruka mpaka ya kumi na moja, halafu ya nne, na huko ikakaa wiki nyingi. Terry alifunga bucha lake. Lorna aliaga vinanda, na mabibi wakamletea keki.

Kwa miaka miwili hawakujua siku wala tarehe. Amsterdam, Hamburg, Milano. Vibao viwili vingine viliingia kumi bora. Jukwaani walipiga kweli, na kila nusu ya pili ya onyesho Lorna alisimama pembeni na kumwachia Terry nafasi yake. Alimtazama pale, macho yamefumbwa, dole gumba likienda kasi kuliko macho yanavyoweza kufuata, akafikiri kwamba hakuna mtu Ulaya nzima anayeweza hiki. Lakini Adrian alikuwa amechapisha glavu kwenye fulana, kwenye mabango, kwenye vikombe. Kila mwandishi wa gazeti aliuliza habari za glavu. Hakuna aliyewahi kuuliza habari za nyuzi.

Birmingham, mwaka 1984, ukumbi ulikuwa umejaa pomoni. Terry akaingia kwenye zamu yake, kitu kipya kabisa, polepole, alichokuwa anakitengeneza miezi mingi na ambacho Lorna pekee alikuwa amekisikia. Akiwa katikati, glavu moja ikarushwa kutoka gizani ikaanguka miguuni pake. Kisha ya pili. Kisha zikawa mvua, mamia, nyekundu, za buluu, za maua, watu wakicheka kwa upendo mtupu, na hilo ndilo lililokuwa baya, kwamba walikuwa wanampenda. Moja ikampiga usoni. Terry akaacha kupiga. Akailaza besi chini taratibu, katikati ya glavu, kama anavyolazwa mtoto, akatoka.

Lorna alimkuta nje kwenye maegesho, amevaa koti.

"Rudi, Terry. Tutawaambia."

"Utawaambia nini? Wanafurahi." Hakuwa na hasira, na hiyo ilimtisha Lorna. "Mimi niliwacheka. Sasa wananicheka. Ni haki yao. Ila mimi nimechoka, dada."

Akapanda treni. Half Day wakaajiri mpiga besi mwingine, hodari, asiyekosea, na Lorna alipotafuta ile nafasi ndogo ya kutia mkono wake wa kushoto hakuiona tena. Albamu ya tatu haikununuliwa. Kampuni ikawasahau, Adrian akahamia kwenye bendi nyingine zenye mashine badala ya wapiga ngoma. Wakaachana bila ugomvi, kwa chai, nyumbani kwa Neville.

Maisha yakaendelea, wala hayakuwa mabaya. Lorna aliwaitikia waimbaji wakubwa jukwaani, akaolewa, akaachika, akafundisha piano watoto wa Leigh na wajukuu wa wale mabibi. Terry alifungua bucha upya. Lorna alipita mbele ya bucha hilo mara nyingi, wakapungiana mkono kupitia kioo. Walikuwa wanasalimiana vizuri. Hawakuwahi kukaa wakazungumza.

Mwaka 2008 Colin akampigia Lorna simu, sasa mwenye maduka ya viatu manne na goti la bandia. Kulikuwa na wikendi ya muziki ule wa zamani, kambi ya likizo pwani ya Norfolk, na waandaaji walikuwa wanawataka. "Wote wanne," Colin akasema. "Neville yuko tayari. Muuza nyama umwendee wewe. Mimi ananiuzia nyama, siwezi kuhatarisha."

Lorna akaingia bucha kabla ya adhuhuri. Terry alikuwa na mvi kote, isipokuwa nyusi, nyekundu vilevile.

"Nikupe nini, dada?"

"Besi."

Akaacha kisu. "Colin ameshaniambia kwa mafumbo wiki mbili nzima. Amenunua nyama ya kulisha kikosi." Akajifuta mikono muda mrefu. "Nina sharti. Nusu ya kwanza, hakuna kuimba. Neno moja likitoka, naondoka."

"Sawa. Na mimi nina langu. Nusu ya pili unaimba itikio."

"Mimi? Nina sauti ya mbwa."

"Najua. Nimekusikia."

Wakatazamana, na Terry akaanza kucheka, mabega kwanza, kisha mwili mzima, mpaka wateja wakaanza kucheka naye bila kujua kisa.

Kambi ilikuwa imejaa watu wa umri wao, waliokodi vibanda kwa makundi, wenye vipara, miwani na fulana zilizobana, wakikumbatiana kwenye nyasi na kuitana kwa majina ya utani ya miaka thelathini. Saa tisa alasiri, nyuma ya jukwaa, fundi bomba mmoja mnene kutoka Basildon alipenya mpaka kwa Terry. Mkononi alikuwa na glavu nyekundu. Lorna akaona taya la Terry linakaza.

"Samahani, kaka," yule mtu akasema. "Nilikuwa na miaka kumi na mitano nilipokuona kwenye televisheni. Nikanunua besi kwa ajili ya hizi. Nilidhani kitu ambacho mtu anaweza kukipiga na glavu ni rahisi." Akacheka vibaya. "Kisha nikasikia 'Chumvi na Siki.' Miaka ishirini na mitano, kaka. Kila siku baada ya kazi. Ile sehemu ya katikati mpaka leo inanishinda. Nimekuja tu kukuuliza: unawekaje kidole?"

Terry akaichukua besi yake, akakaa kwenye sanduku la nyaya, akamvuta yule mtu akae karibu. "Tazama," akasema. "Si kidole. Ni kiwiko." Na akamwonyesha, mara moja, mara mbili, taratibu, kisha akampa besi yenyewe, na meneja wa jukwaa akaja kuita mara ya tatu huku fundi bomba analia waziwazi kwa sababu ameiweza.

Walitoka kwenye mwanga wa mchana, watu elfu tatu wakanguruma. Nusu saa nzima hapakuwa na neno. Terry alipiga akiwa amewatazama watu usoni, jambo ambalo Lorna hakuwahi kumwona akilifanya, na kila alipomaliza sehemu walimshangilia kwa ajili ya nyuzi, ya kidole, ya kiwiko. Lorna akatia mkono wa kushoto, na nafasi ilikuwepo, pana kuliko zamani. Kisha "Chukua Koti," na itikio lake, na Terry akaimba kweli kama mbwa, mbwa mwenye furaha, na elfu tatu wakamfunika kwa sauti zao.

Mwisho ulipofika, watu wakakataa kutoka. Walipiga miguu mpaka vyuma vya jukwaa vikatikisika.

"Hatuna kingine," Neville akamnong'oneza Lorna. "Tumemaliza vyote tunavyovikumbuka."

Lorna akamtazama Terry. Terry akainua nyusi zake nyekundu, akaanza kitu. Si cha zamani. Hakikuwa kimewahi kuwepo kabla ya dakika ile: mdundo wa kukimbia, wa mtu anayeshuka ngazi mbilimbili. Neville akaruka ndani. Lorna akavuta kipaza sauti bila neno hata moja kichwani, akaanza kuwaimbia anachokiona: vipara vinavyoungua jua, mama mwenye fimbo anayecheza kwa mguu mmoja, fundi bomba ameinua mikono miwili angani, bahari imelala kule nyuma ya vibanda. Watu wakaanza kumwitikia maneno ambayo hata yeye hakujua yanakuja.

"Lorna!" Colin akapiga ukelele kutoka nyuma ya ngoma, jasho linamwagika, goti la bandia na yote. "Huu unaishaje?"

"Sijui!" Lorna akamjibu kwa sauti, anacheka. "Endelea!"